Diski ni Yangu, Ufunguo ni wa Nani?

Baba wa jamaa anunua diski ya sinema dukani. Alipa bei yote, apewa karatasi ya malipo, arudi nayo nyumbani. Tangu saa ile diski ni mali yake. Aweza kuiuza, aweza kuiazima kwa jirani, aweza kuifungia sandukuni, hata kuivunja vipande viwili akipenda, wala hakuna askari atakayemwuliza neno. Lakini akitaka kujifanyia nakala moja tu, ya kuweka akiba kwa siku ile diski itakapoharibika, aona mlango umefungwa. Mashini yakataa. Na katika nchi nyingi sheria nayo yasimama upande wa mashini.

Wasomaji wapendwa, machoni pa wengi jambo hili ni la mchezo, kwa kuwa sinema ni kitu cha kustarehesha tu. Sisi twaona sivyo. Ndani yake limo swali zito: mtu anaponunua kitu cha namna hii, anunua nini hasa? Swali hilo lilifika mbele ya mahakimu wa Norwe, wa Ufaransa na wa Marekani, nao hawakulijibu kwa sauti moja. Yafaa tulieleze polepole, maana vitabu, nyimbo na hata masomo ya watoto wetu vyaja siku hizi katika vyombo vyenye makufuli ya namna ileile.

DISKI NI KITU GANI?

Diski iitwayo DVD ilianza kuuzwa katika Japani mwezi wa Novemba 1996, kisha katika Marekani mwaka 1997. Kwa umbo ni sahani nyembamba ya plastiki, upana wake sentimita 12 na unene wake milimita 1.2. Unene huo ni wa vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, na kati yake pana utando mwembamba sana wa madini, kwa kawaida alumini, unaong'aa kama kioo. Picha na sauti zimeandikwa humo kwa vishimo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vishimo vyafuatana katika mstari mmoja unaozunguka toka katikati hata ukingoni, na nafasi kati ya mzunguko na mzunguko haifiki sehemu moja katika elfu ya milimita. Mtambo hupiga mwali mwekundu wa leza juu ya vishimo hivyo. Mwali warudi kwa nguvu au kwa udhaifu, na mtambo hugeuza tofauti hizo kuwa picha na sauti. Hivyo sinema ya saa mbili yakaa yote katika sahani moja.

Chombo cha namna hii ni cha ajabu, lakini si cha milele. Kitabu kikichanika ukurasa mmoja, kurasa nyingine zote zasomeka. Diski ikikwaruzwa vibaya karibu na katikati, mahali palipoandikwa orodha ya yaliyomo, mtambo waweza kuikataa yote. Jua kali huipinda. Unyevu ukipata njia kati ya vile vipande viwili, alumini huliwa na kutu yake na kioo chapoteza mng'ao. Tena watoto huishika kwa vidole vyenye mafuta na kuiburuta mezani. Kwa hiyo haja ya nakala ya akiba si fikira ya mwizi. Ni fikira ya mtu mwenye busara, kama vile mkulima asivyopanda mbegu zake zote kwa siku moja.

KUFULI LA HERUFI TATU

Mbona basi watengenezaji wa sinema waliikataa nakala hiyo? Tusiwahukumu kabla ya kuwasikia. Zamani za kanda, nakala ilikuwa dhaifu kuliko mama yake. Nakala ya nakala ikawa dhaifu zaidi, na mwishoni picha zilikuwa kama mvua. Udhaifu huo ulikuwa ulinzi. Lakini diski imeandikwa kwa hesabu, yaani kwa tarakimu za sifuri na moja, na nakala ya hesabu ni sawa kabisa na asili yake, hata ikiwa ya mia. Wenye viwanda vya sinema waliona ya kuwa diski moja iliyouzwa yaweza kuzaa elfu ambazo hazikuuzwa. Wakataka kufuli.

Kufuli hilo laitwa CSS. Kazi yake ni kuvuruga maandishi ya sinema hata yasisomeke pasipo ufunguo. Kila diski yachukua funguo zake, zimefichwa mahali maalumu. Na kila kiwanda chenye kutengeneza mitambo hupewa ufunguo wake, kwa mkataba. Mtambo wa halali hukutanisha funguo hizo, wafungua, waonyesha picha. Diski tupu ziuzwazo madukani zimetengenezwa kwa namna ambayo mtu nyumbani hawezi kuandika mahali pale pa funguo. Kwa hiyo hata akinakili kila tarakimu ya sinema, apata sanduku lililofungwa bila ufunguo wake.

Mkataba ule ulileta na jambo la pili. Dunia iligawanywa mafungu, na diski nyingi huandikwa nambari ya fungu lake. Fungu la 1 ni Marekani na Kanada. Fungu la 2 ni Ulaya ya Magharibi, Japani na nchi nyingine kadhaa. Fungu la 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Urusi na India. Kongo yetu imo katika fungu la 5. Hivyo mtoto aliyeko Brussels akimtumia mama yake huko Bukavu diski nzuri, ya halali, iliyolipiwa bei yake, mtambo uliotengenezwa kwa fungu letu utaikataa, isipokuwa ni mtambo unaopokea mafungu yote. Hapa hakuna mwizi hata mmoja. Pana mtoto, mama, duka lililolipwa, na kufuli lisilojua kutofautisha watu.

KIJANA WA NORWE

Mwezi wa Oktoba 1999 ilitolewa hadharani programu fupi iitwayo DeCSS. Iliweza kufungua kufuli lile na kuiacha sinema wazi katika kompyuta. Mmoja wa walioitunga alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa Norwe mwenye miaka 15, pamoja na wenzake wawili ambao majina yao hayakutangazwa.

Yawezekanaje mtoto wa umri huo ashinde kazi ya makampuni makubwa? Kwanza, ufunguo wa CSS ulikuwa wa tarakimu 40 tu za sifuri na moja, nao ulikuwa mfupi mno. Siku zile sheria za Marekani zilizuia kupeleka nje ya nchi maandishi ya siri yenye funguo ndefu. Pili, programu moja ya kuchezesha DVD ilikuwa imeacha ufunguo wake bila kuuficha vema. Dirisha moja likiachwa wazi, nyumba nzima yaingiwa.

Johansen alieleza ya kuwa haja yake ilikuwa kutazama diski zake katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, ambao wakati ule haukuwa na programu iliyoruhusiwa kuchezesha DVD. Serikali ya Norwe ilimshtaki kwa sheria inayowahusu watu wanaovunja ulinzi na kuingia katika maandishi wasiyo na ruhusa nayo. Tarehe 7 Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachilia. Fikira ya mahakimu ilikuwa nyepesi kuelewa: mtu aliyenunua diski kwa halali anayo ruhusa ya kuona yaliyomo, wala hawezi kuhukumiwa kana kwamba ameingia nyumba ya mwingine. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 22 Desemba 2003 akaachiliwa mara ya pili.

Lakini wenye kutunga sheria hawakulala. Mwaka 2005 Norwe ilibadili sheria yake ya haki za watunzi, ikakataza kuvunja makufuli ya namna hii. Hata hivyo ilimwachia mnunuzi nafasi moja: kuitazama kazi aliyoipata kwa halali katika mtambo unaofaa. Kutazama kukaruhusiwa, mlango wa mambo mengine ukafungwa.

MAMA ASIYEKUWA NA MTAMBO

Kesi ya Ufaransa yagusa zaidi moyo wa mwenye jamaa. Mtu mmoja alinunua DVD ya sinema Mulholland Drive, kazi ya David Lynch iliyotoka mwaka 2001. Akataka kuinakili katika kanda ya VHS apate kuitazama kwa mama yake, kwa maana mama hakuwa na mtambo wa DVD. Ulinzi uliowekwa katika diski ukamzuia. Akaenda mahakamani pamoja na chama cha kutetea wanunuzi kiitwacho UFC-Que Choisir.

Kabla ya kusikia hukumu, yapasa tujue desturi moja ya nchi ile. Tangu sheria ya tarehe 3 Julai 1985, Mfaransa anunuapo kanda tupu hulipa ndani ya bei yake fungu dogo liendalo kwa watunzi, kwa wachezaji na kwa watengenezaji. Fungu hilo ni fidia ya nakala ambazo watu hujifanyia nyumbani. Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa nimelipa diski, nikalipa na fidia ya nakala, mbona nakala yenyewe nanyimwa?

Mahakama ya kwanza ya Paris ilimkatalia mnunuzi yule tarehe 30 Aprili 2004. Mahakama ya rufaa ilimpa haki tarehe 22 Aprili 2005. Wenye sinema wakapanda juu zaidi, na tarehe 28 Februari 2006 Cour de cassation, mahakama ya juu ya Ufaransa katika kesi za namna hiyo, ikaivunja hukumu ya rufaa. Sababu yake? Kwamba katika vyombo vya siku hizi nakala zaweza kuenea upesi sana, na kwamba mapato ya DVD ni sehemu kubwa ya kurudisha gharama za sinema. Kwa hiyo nakala ya nyumbani yaweza kudhuru biashara ya kawaida ya kazi ile. Kesi ikarudishwa kwa mahakama ya rufaa, nayo tarehe 4 Aprili 2007 ikamkatalia mnunuzi. Tarehe 19 Juni 2008 mahakama ya juu ikatia muhuri wa mwisho.

Neno lililobaki katika kesi hiyo lapasa kukumbukwa: kufanya nakala nyumbani si haki ambayo mnunuzi aweza kuidai, ni ruhusa tu. Mtu akishtakiwa aweza kujikinga kwa ruhusa hiyo, lakini hawezi kumshtaki mwenzake kwa sababu amemnyima. Wanafunzi watufuatao wapime maneno hayo mawili, haki na ruhusa. Mwenye haki hubisha mlango, nao lazima ufunguliwe. Mwenye ruhusa hupita kama akiukuta mlango wazi. Akiukuta umefungwa, arudi kwake.

RUHUSA YA KUVUKA BILA MTUMBWI

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, yakafika karibu mahali pale pale. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ya nchi ile, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema ya kuwa mtu anayerekodi nyumbani kipindi cha televisheni katika kanda, ili akitazame baadaye, hafanyi kosa. Wengi walidhani neno limekwisha. Halikwisha. Tarehe 28 Oktoba 1998 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria mpya, ijulikanayo kwa herufi DMCA. Sheria hiyo haikutazama nakala peke yake, ilitazama kufuli. Ilikataza kulivunja, tena ilikataza kutengeneza na kuuza vyombo vya kulivunja.

Kampuni moja, 321 Studios, iliuza programu ya kujifanyia nakala ya akiba ya DVD. Tarehe 20 Februari 2004 hakimu Susan Illston wa San Francisco aliamuru mauzo yale yakome. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule kampuni ikafunga milango yake. Mwaka 2008 kampuni nyingine, RealNetworks, ilijaribu kwa uangalifu zaidi. Programu yake RealDVD iliweka sinema ndani ya kompyuta ikiwa bado imefungwa, isiweze kugawiwa ovyo. Mwezi wa Agosti 2009 hakimu Marilyn Hall Patel aliizuia nayo. Alikubali ya kuwa huenda mtu binafsi akawa na ruhusa ya kujifanyia nakala ya diski yake mwenyewe, lakini akasema kuuza chombo cha kuifanya ni marufuku. Ndugu msomaji, ni sawa na kuwaambia watu wa kando ya mto: mna ruhusa ya kuvuka, ila hakuna ruhusa ya kuuza mitumbwi.

Kila miaka mitatu Mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani hutangaza watu gani waweza kufungua makufuli hayo bila kosa. Walimu na wanafunzi wamepata ruhusa kwa vipande vifupi vya masomo. Mwaka 2021 maktaba na nyumba za makumbusho zilipata ruhusa ya kuokoa sinema zilizo katika diski zinazoharibika, ambazo hazipatikani tena kwa bei ya haki. Ombi la jamaa za kawaida, kujifanyia nakala ya akiba nyumbani, limekataliwa zaidi ya mara moja.

NANI HASA AFUNGIWAYE?

Sasa tupime pande zote mbili. Mwenye sinema hasemi uongo anaposema kazi yake ni ya gharama. Nyuma ya saa mbili za picha wapo waandishi, wachezaji, wapiga picha, mafundi wa taa na seremala, nao hula kwa mauzo ya kazi ile. Mtu anayefanya nakala kumi akawagawia rafiki kumi hawezi kusema ameweka akiba. Amewapa watu kumi kitu ambacho hakikuwa chake kutoa. Na anayeziuza sokoni ni mbaya zaidi, maana akunja fedha kwa jasho la mwingine.

Lakini tuulize tena: kufuli lile lamzuia nani? Mwizi mkubwa, mwenye kiwanda cha siri, hana haja ya kulivunja. Yeye hupiga chapa diski nzima kama ilivyo, pamoja na kufuli na funguo zake zilizofichwa ndani, na mitambo yote yaisoma pasipo kushuku. Tena mjuzi wa kompyuta amekuwa na DeCSS tangu mwaka 1999. Anayebaki nje ya mlango ni yule asiyekuwa na kiwanda wala ujuzi: mwenye diski moja, iliyokwaruzwa na mtoto, aliyetaka kuiweka salama. Kufuli linalomwacha mwizi apite na kumzuia mwenye nyumba lahitaji kutazamwa upya.

Hatusemi basi kila mtu ajichukulie sheria mkononi. Twasema wenye kutunga sheria wayatenganishe mambo mawili yaliyofungwa pamoja katika kamba moja: kuiba, na kutunza. Kuiba kukatazwe kwa nguvu. Kutunza kitu ulichokinunua, katika nyumba yako, kwa ajili ya watu wako, kuwe haki yenye jina lake katika sheria, si ruhusa inayokufa mbele ya kufuli la kwanza. Sheria ya Kongo ya haki za watunzi, yaani Ordonnance-loi nambari 86-033, ilitolewa tarehe 5 Aprili 1986, miaka kumi kabla diski ya kwanza ya DVD kuuzwa. Watoto wetu wanaosoma sheria leo wana kazi ya kufikiri mbele yao.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wakati twangoja sheria bora, yapo mambo ambayo kila jamaa yaweza kuyafanya bila kuvunja kufuli la mtu.

Kwanza, tutunze diski tulizo nazo. Ishikwe ukingoni na katika tundu la katikati, isishikwe usoni. Ikipata vumbi, ipanguswe kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni. Isipanguswe kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu maandishi mengi mfululizo. Irudishwe katika kasha lake, isimame wima kama kitabu, mbali na jua na mahali pa unyevu.

Pili, kabla ya kununua tusome nambari ya fungu iliyo nyuma ya kasha. Aliye ng'ambo anayetaka kumpelekea mzazi zawadi, aulize kwanza mtambo wa nyumbani wapokea fungu gani.

Tatu, na hili ndilo kubwa: zipo diski ambazo hazina kufuli la CSS. Ni zile zilizorekodiwa kwa ajili yetu wenyewe: ndoa ya binti, ubatizo wa mjukuu, mazishi ya babu, sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo. Hizo kwa kawaida ziliandikwa katika diski za kurekodia, ambazo maandishi yake yamo katika rangi maalumu, si katika vishimo vilivyopigwa chapa, na rangi hiyo hufifia kwa mwanga na joto. Hakuna duka duniani litakalokuuzia nyingine. Ikiwa mpiga picha wa sherehe yupo, azungumzwe naye kwanza, maana naye ni mtunzi wa kazi yake. Kisha nakala zifanywe mbili au tatu, ziwekwe katika nyumba mbalimbali, moja katika kompyuta, moja katika chombo kingine. Zifanywe mapema, maana mitambo ya kusomea DVD yapungua madukani mwaka kwa mwaka.

Mwenye sinema ya dukani aliweka kufuli kwa sababu aliogopa kupotewa na mali yake. Sisi tusiache mali yetu wenyewe ipotee, hali mlango wake u wazi.